Tangazo limetolewa, watu hawakutenda: namna ya kutafuta mahali mawasiliano yalipokatika

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu ambao kazi yao ni kufikisha habari kwa wengine katika mkoa wa Dodoma na maeneo jirani ya Singida: watendaji wa vijiji na kata, maafisa ugani, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu na viongozi wa vyama vya ushirika. Wote wanaijua hali hii. Tangazo limetolewa, mkutano umefanyika, gari la matangazo limezunguka vitongoji vyote, na bado siku iliyopangwa watu hawakutokea, au walitokea wakiwa wamejiandaa kwa jambo jingine. Maelezo ya kwanza yanayotolewa ofisini ni kwamba wananchi hawasikii, na hatua ya kwanza inayopendekezwa ni kurudia tangazo lile lile kwa sauti kubwa zaidi.

Kurudia ni hatua halali, lakini hurekebisha hitilafu moja tu kati ya nyingi. Mahali ambapo hitilafu ni nyingine, kurudia hakusaidii, na mara nyingi huwazoeza watu kulipuuza tangazo hata kabla halijaisha. Modeli za mawasiliano, yaani michoro na maelezo ya jinsi ujumbe unavyosafiri kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, zinazofundishwa vyuoni kama orodha ya majina na miaka, zina manufaa makubwa zaidi zikitumiwa kwa kazi hii, kwa kuwa kila moja ilitungwa na mtu aliyekuwa anaangalia sehemu fulani ya njia na kuuliza ni nini kinaweza kuharibika pale. Kwa hiyo usitafute modeli iliyo sahihi kuliko zote. Tafuta ile inayoiona hitilafu uliyo nayo.

Kipimo cha kwanza

Mwaka 1949 mwanahisabati wa Marekani Warren Weaver, akifafanua kazi ya mwenzake Claude Shannon kwa wasomaji wasio wanahisabati, aligawa tatizo la mawasiliano katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza huuliza kama alama zilizotumwa, yaani sauti, herufi au picha, zimefika bila kuharibika. Ya pili huuliza kama alama zilizofika zimebeba maana ile ile aliyoikusudia mtumaji. Ya tatu huuliza kama maana iliyopokelewa imeathiri mwenendo wa mpokeaji kwa namna iliyotarajiwa. Mgawanyo huu ni wa zamani na umekosolewa sana, lakini kwa kazi ya kutafuta hitilafu sijaona unaoushinda, kwa sababu ngazi zake zinafuatana: hitilafu ya ngazi ya kwanza huharibu zote zinazofuata, ilhali hitilafu ya ngazi ya tatu inaweza kuwapo hata kama mbili za mwanzo ni nzima kabisa.

Siku moja au mbili baada ya tangazo, nenda kwa watu wachache wa vitongoji tofauti, wakiwamo waliokaa nyuma mkutanoni na wale ambao hawakufika, ukawaulize maswali matatu kwa mpangilio huu. Umesikia nini? Kwa jinsi ulivyosikia, jambo hili linakuhusu vipi wewe na kaya yako? Unakusudia kufanya nini, na ni kitu gani kinaweza kukuzuia? Usianze na la tatu. Usimsahihishe mtu kabla hajamaliza, na usimsahihishe mbele ya wenzake, maana wanaofuata watakurudishia maneno yako mwenyewe badala ya yale waliyoyabeba. Swali la kwanza ambalo majibu yake yanakwenda kombo ndilo linaloonyesha dalili ya kuanzia.

Sambamba na hilo, liandike tangazo lako katika maswali matano ya Harold Lasswell ya mwaka 1948: nani, alisema nini, kwa njia gani, kwa nani, kwa matokeo gani. Modeli hii haina mrejesho, yaani njia ya jibu kurudi kwa mtumaji, na haielezi mengi, lakini ni fomu nzuri ya kumbukumbu. Ukijikuta huwezi kujaza nafasi ya "kwa nani" isipokuwa kwa maneno "wananchi wote", huenda umeshapata sehemu kubwa ya tatizo kabla hujatoka ofisini.

Dalili: watu hawakusikia, au walisikia nusunusu

Hii ndiyo hitilafu aliyoishughulikia Shannon. Katika makala yake ya mwaka 1948, aliyoiandika akiwa mtafiti katika maabara za kampuni ya simu ya Bell nchini Marekani, alichora njia yenye hatua hizi: chanzo cha habari, kisambazaji kinachougeuza ujumbe kuwa mawimbi, njia ambamo mawimbi hupita, kipokezi kinachoyageuza mawimbi kuwa ujumbe tena, na mwishilio. Katikati ya njia aliweka kelele, yaani chochote kinachoingia kwenye mawimbi bila mtumaji kukusudia. Alisema wazi kwamba maana ya ujumbe haikuwa sehemu ya tatizo lake la kihandisi, kwa hiyo modeli hii isilaumiwe kwa kutojibu maswali ambayo haikuulizwa.

Kelele za mkoa huu zinafahamika. Upepo wa kiangazi kwenye viwanja vya wazi huchukua maneno ya msemaji asiye na kipaza sauti. Gari la matangazo likipita kwa mwendo, kaya moja husikia mwanzo wa sentensi na nyingine husikia mwisho wake. Mtandao wa simu hukatika nyuma ya vilima. Tena kuna kikwazo ambacho si sauti: mkutano wa asubuhi wakati wa palizi hauwapati waliolala mashambani, na mkutano wa kiangazi hauwapati vijana waliopeleka ng'ombe mbali kutafuta malisho na maji.

Hapa kurudia kunafaa, ila kuna namna bora ya kurudia. Shannon alionyesha kwamba ujumbe huishinda kelele kwa kubeba ziada, yaani alama ambazo msikilizaji angeweza kuzibashiri kutokana na nyingine, na alikadiria kwamba karibu nusu ya maandishi ya Kiingereza ni ziada ya namna hiyo. Kiswahili nacho kina ziada yake katika upatanisho wa ngeli. Mtu akisema "vitabu vyetu viwili vimepotea" na upepo ukachukua kiambishi kimoja, vitatu vinavyobaki vinatosha kumrudisha msikilizaji kwenye maana. Tarehe, saa na kiasi cha fedha havina ulinzi huo. Kati ya "tarehe sita" na "tarehe saba" hakuna neno jingine katika sentensi linalomjulisha msikilizaji kwamba amekosea. Basi ziada iongezwe kwa makusudi mahali hapo, na iwe ya sura tofauti: badala ya kutaja "tarehe 12" mara tatu, sema "Jumatano tarehe 12, siku inayofuata baada ya mnada". Aliyekosa tarehe atashika siku, na aliyekosa siku atakumbuka mnada.

Sababu nyingine ya dalili hii ni ujumbe kuzidi uwezo wa njia. Shannon alithibitisha kwamba kila njia ina kikomo chake. Chini ya kikomo hicho makosa yanaweza kupunguzwa hadi karibu kuisha, na juu yake makosa hayaepukiki, mtumaji awe hodari kiasi gani. Mkutano wa kijiji hauna hesabu ya namna hiyo, lakini kanuni yake inaonekana kwa macho. Mkutano wenye ajenda tisa, zinazosomwa mfululizo juani kuanzia taarifa ya mapato na matumizi hadi mengineyo, hauwezi kufikisha tisa zote. Ukigundua kwamba watu wanakumbuka ajenda ya kwanza na ya mwisho tu, usitafute kipaza sauti kipya. Punguza ajenda.

Dalili: wamesikia kila neno, lakini wameelewa jambo jingine

Mwaka 1954 Wilbur Schramm alieleza kwamba mtumaji na mpokeaji kila mmoja anabeba uwanja wake wa uzoefu, na kwamba wanaelewana pale tu nyanja hizo mbili zinapokutana. Mwaka 1960 David Berlo aliichambua hoja ya namna hiyo kwa kuorodhesha mambo yanayopaswa kulinganishwa pande zote mbili: ujuzi wa kuwasiliana, mtazamo, maarifa, mfumo wa jamii na utamaduni. Orodha ya Berlo inafaa sana kwa ukaguzi, kwa sababu inamlazimisha mtumaji kujikagua yeye mwenyewe kwa vigezo vile vile anavyomkagulia mpokeaji.

Utabiri wa msimu ni mfano mzuri. Kabla ya mvua kuanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu kwa mikoa inayopata mvua mara moja kwa mwaka, ikiwamo Dodoma na Singida. Taarifa inaweza kusema kwamba mvua zinatarajiwa kuwa za wastani hadi chini ya wastani. Kitaalamu, mvua za wastani ni zile zilizo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa eneo husika. Mahali ambapo wastani huo ni milimita 560, mwaka wa milimita 420 na mwaka wa milimita 700 yote miwili ni miaka ya wastani. Mkulima wa Chamwino anayeamua kati ya mtama na mahindi anaijua tofauti ya miaka hiyo kwa njaa na kwa ghala, naye akisikia "wastani" huchukua kwamba mvua zitatosha. Isitoshe, jumla ya msimu peke yake haisemi lolote kuhusu ukavu unaoweza kuingia Januari au Februari, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Mtabiri amesema kweli, mkulima amesikia vizuri, na mbegu isiyofaa imekwenda ardhini. Hakuna kiasi cha kurudia kinachoweza kuziba pengo hilo, maana kila marudio hupokelewa kwa maana ile ile ya mara ya kwanza.

Hitilafu hii haigunduliki kwa kuuliza "mmeelewa?". Swali hilo hujibiwa "ndiyo" na anayeelewa, na asiyeelewa, na anayetaka mkutano uishe. Muulize mtu atakachokifanya au atakachomwambia mwingine: "Mama, ukifika nyumbani utamweleza nini baba kuhusu mbegu za mwaka huu?" Akianza kueleza, mahali nyanja za uzoefu zilipoachana patajitokeza penyewe, na mara nyingi patakuwa mahali ambapo hukupadhania. Baada ya hapo, kazi ya afisa ugani ni kuuhamisha ujumbe kutoka milimita na asilimia kwenda kwenye misimu ambayo watu wa kijiji hicho wanaikumbuka, na kutoka hapo hadi kwenye uamuzi: shamba la bondeni lipandwe nini, la tambarare lipandwe nini, na mbegu ya akiba ihifadhiwe hadi lini.

Suala la lugha nalo liangaliwe bila kudharau. Katika mkoa mmoja tuna Kigogo na Kirangi, ambazo ni lugha za Kibantu, Kiburunge cha jamii ya Kikushi, na Kisandawe chenye fonimu za kudoa, yaani sauti za kugonga ulimi mdomoni. Watu wengi hukisikia Kiswahili vizuri, lakini maamuzi kuhusu mifugo, mahari na ardhi ya ukoo hujadiliwa nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Pale ujumbe unapogusa mambo hayo, mwombe mwenyeji mmoja auseme kwa lugha ya mahali hapo, kisha mwenyeji wa pili, ambaye hakukusikia wewe, akurudishie kwa Kiswahili. Tofauti kati ya ulichosema na kilichorudi ni taarifa ya thamani kubwa, nayo hupatikana kwa muda mfupi chini ya mti.

Dalili: mkutano mzima kimya, hakuna swali

Ninaitenga dalili hii kwa sababu ndiyo inayozificha nyingine zote. Modeli za Shannon na Lasswell huishia kwa mpokeaji. Ni dhana ya mrejesho, iliyopewa nafasi kuu na Norbert Wiener mwaka 1948 alipoeleza jinsi mashine na viumbe hai wanavyojirekebisha kwa kupima matokeo ya walichokifanya, iliyowawezesha akina Schramm kuuchora mstari unaorudi. Dean Barnlund, mwaka 1970, alikwenda mbali zaidi: kwake hakuna zamu ya mtumaji na zamu ya mpokeaji, bali pande zote mbili zinatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Wakati mwenyekiti anazungumza, wazee walioinamisha vichwa, akina mama waliogeukia watoto, na vijana walioanza kuondoka kidogo kidogo wote wanamwambia jambo.

Paul Watzlawick na wenzake waliandika mwaka 1967 kwamba mtu hawezi kutowasiliana. Kimya cha mkutano basi ni ujumbe, na kosa ni kuudhania una maana moja. Unaweza kuwa ridhaa. Unaweza kuwa heshima, kwa kuwa mke kijana hatauliza swali mbele ya baba mkwe wake hata kama swali hilo linahusu mtoto wake mwenyewe. Unaweza kuwa pingamizi la watu walioona kwamba uamuzi umeshafanyika kabla ya wao kuitwa. Unaweza kuwa uchovu tu.

Njia ya kutofautisha ni kubadili mazingira ya kujibu, maana kimya cha uwanjani si lazima kiwe kimya cha kwenye foleni ya maji au mashine ya kusaga. Wagawe watu katika vikundi vidogo vya rika na jinsia, kila kikundi kitoe swali moja bila kutaja nani ameliuliza. Maswali yakimiminika, tatizo lilikuwa mpangilio wa mkutano. Yasipokuja hata hapo, chunguza mrejesho wa nyuma uliishia wapi. Sanduku la maoni ambalo halijafunguliwa tangu lilipotundikwa, au swali la mkutano uliopita ambalo halikujibiwa, huwafundisha watu kwamba mstari unaorudi umekatika, na mtu mwenye busara haendelei kusemea ndani ya mstari uliokatika. Anza mkutano unaofuata kwa kusoma maswali ya mkutano uliopita na majibu yake, pamoja na yale ambayo jibu lake ni kwamba haiwezekani. Kwa uzoefu wa kazi hii, hakuna hatua nyingine ya gharama ndogo inayorudisha sauti za watu kama hiyo.

Dalili: ujumbe uliofika kitongojini si ule uliotoka wilayani

Kurt Lewin, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1947 kuhusu jinsi chakula kinavyofika mezani kwa familia, alionyesha kwamba kwenye kila njia kuna malango, na kwenye kila lango kuna anayeamua kipi kipite. David Manning White alilipeleka wazo hilo kwenye chumba cha habari mwaka 1950 kwa kumchunguza mhariri mmoja wa gazeti na habari alizozikataa. Kutoka wilayani hadi kwenye kaya, ujumbe hupita lango la kata, la kijiji na la kitongoji. Hakuna haja ya mlinda lango kuwa na nia mbaya. Ana barua ya kurasa tatu na dakika mbili za kuieleza.

Namna ujumbe unavyobadilika inafahamika pia. Gordon Allport na Leo Postman, waliochunguza uvumi, walieleza mwaka 1947 kwamba habari inayopita kwa watu kadhaa hupungua maelezo, hukuza machache yaliyobaki, na huegemea kile wasikilizaji wanachokiamini tayari. Katika matangazo ya serikali za mitaa, kinachopungua kwanza huwa ni sababu na masharti, na kinachobaki ni amri. Barua iliyoeleza nani anahusika, kwa nini, na nani amesamehewa, hufika kitongojini ikiwa "mnatakiwa kufika kesho".

Tafuta hitilafu hii kwa kwenda kinyume. Anzia kwenye kaya, uliza walisikia kwa nani, nenda kwa huyo, uliza alisikia kwa nani, hadi ufike kwenye lango ambalo juu yake ujumbe ulikuwa mzima. Usiliendee lango hilo kwa lawama. Wape walinda malango wote sentensi tatu au nne zilizoandikwa ili zisomwe kama zilivyo, na mojawapo iwe ndiyo sababu.

Allport na Postman walisema jambo la pili, nalo lina uzito katika Dodoma ya sasa: uvumi hukua pale ambapo jambo ni muhimu kwa watu na wakati huo huo halieleweki, na kimojawapo kikikosekana uvumi hufa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ardhi ya pembezoni mwa jiji imepanda thamani, na kigingi cha upimaji kinachoonekana shambani bila maelezo kina sifa zote mbili. Umuhimu wa ardhi hauwezi kupunguzwa, kwa hiyo kinachobaki ni kupunguza utata: eleza kilichoamuliwa, kisichoamuliwa bado, na tarehe ambayo kitajulikana. Viongozi wengi husubiri hadi kila kitu kiamuliwe ndipo waseme. Kwa maoni yangu kusubiri huko ndiko kunakoupa uvumi nafasi.

Dalili: wameelewa, wamekubali, hawatendi

Tumefika ngazi ya tatu ya Weaver, na hapa ndipo kurudia tangazo kunapoleta madhara makubwa zaidi, kwa kuwa mtu aliyeelewa na kukataa akirudiwa maneno yale yale, anachokisikia ni kwamba sababu zake hazikusikilizwa.

Angalia kwanza msemaji. Aristotle aliweka vyanzo vitatu vya ushawishi: tabia ya msemaji jinsi wasikilizaji wanavyoiona, hisia zinazoamshwa kwao, na hoja yenyewe. Watumishi wetu huandaa hoja kwa bidii na kuliacha lile la kwanza. Watzlawick alieleza kwamba kila ujumbe una sehemu mbili, maudhui na uhusiano, na kwamba uhusiano ndio unaoamua maudhui yachukuliweje. Mtendaji aliyepita juzi kudai mchango na kutishia faini, akirudi leo na habari njema kuhusu bima ya afya, atasikilizwa kama mdai. Ukiona ujumbe ule ule unakubaliwa ukisemwa na muuguzi wa zahanati na unakataliwa ukisemwa na ofisi ya kijiji, hitilafu umeipata.

Angalia pili kama ujumbe umewapita watu wanaosikilizwa. Uchunguzi wa Paul Lazarsfeld na wenzake kuhusu uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 1940, uliofanyika katika wilaya ya Erie jimboni Ohio, ulitarajia kuona nguvu ya redio na magazeti, ukakuta kwamba watu waliathiriwa zaidi na watu wenzao. Elihu Katz na Lazarsfeld waliliendeleza wazo hilo mwaka 1955: habari hutoka kwenye chombo hadi kwa wachache wanaofuatilia, na kutoka kwao hadi kwa walio wengi. Wachache hao si lazima wawe viongozi. Kwa suala la mbuzi ni mfugaji fulani ambaye mifugo yake haifi, kwa suala la uzazi ni mama mtu mzima fulani, na kwa alizeti ni mwingine kabisa. Swali la kuwatambua ni rahisi: "Ukiwa na shaka kuhusu jambo hili, unakwenda kumuuliza nani?" Majina yanayojirudia ndiyo ya kuanzia.

Nchi yetu ina mfano wa kujifunza. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 haikutegemea redio peke yake. Vipindi vilirushwa kwa wiki 12, na watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kujisomea, wakasikiliza pamoja, wakasoma vijitabu, wakajadiliana na kuamua wafanye nini, ikiwamo kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Redio ilifika mbali kwa haraka, kikundi kikafanya kile ambacho redio haiwezi: kumwezesha mtu kuona kwamba jirani yake naye amekubali. Anayetoa matangazo leo kupitia redio za Dodoma bila kikundi chochote cha kuyapokea anatumia nusu ya njia hiyo.

Angalia tatu, na kwa uaminifu, kama wasiotenda wana sababu. Stuart Hall alieleza mwaka 1973 kwamba mpokeaji anaweza kuusoma ujumbe kwa namna tatu: kuukubali kama ulivyotumwa, kuukubali kwa jumla huku akiweka masharti yake, au kuupinga akiwa ameuelewa vizuri. Chukua wakulima wanaoelezwa kuhusu mauzo kwa stakabadhi ghalani, ambapo mazao huwekwa ghalani kwa stakabadhi na kusubiri mnada. Mmoja wao anasema: "Mfumo ni mzuri kwa mwenye mzigo mkubwa, mwanangu, lakini mimi nina magunia mawili na mgonjwa hospitali, nitasubirije mnada?" Mzee huyu hana upungufu wa elimu. Ameusoma ujumbe wote na kuongeza sharti ambalo mtumaji alilisahau. Jibu lake ni malipo ya awali au utaratibu wa kukusanya mizigo midogo, na kama chama hakina hivyo, hakuna kipeperushi kitakachomshawishi. Usomaji wa aina ya pili ndio unaokutwa mara nyingi vijijini, nao ndio unaoandikwa vibaya zaidi katika taarifa, kwa kuwa huingizwa kwenye kundi la upinzani au la kutokuelewa.

Dalili: kundi la WhatsApp limejaa salamu na matangazo hayasomwi

Roman Jakobson, mwaka 1960, alitaja kazi sita za lugha, mojawapo ikiwa ni kufungua njia ya mazungumzo na kuitunza iendelee kuwa wazi. Salamu hufanya kazi hiyo. Mgeni anayesimama mbele ya mkutano Mvumi akaanza na "Mbukwenyi" na kungoja kuitikiwa ameifungua njia kabla ya kupitisha chochote. Kwa hiyo usipige marufuku salamu kundini, maana zikitoweka watu nao hutoweka. Tenga kundi la pili la matangazo tu, ambalo viongozi pekee ndio wanaoandika, au weka siku maalumu ya tangazo inayojulikana na wote.

Dalili ambayo si ya mawasiliano

Kuna hali inayofanana na zote zilizotangulia. Watu wamesikia, wameelewa, wanamwamini msemaji, wanataka kutenda, na hawatendi. Chukua chanjo ya kideri, ugonjwa unaoua kuku. Mama wa Bahi anaweza kukueleza kwa usahihi kwa nini kuku wachanjwe na warudiwe baada ya muda gani, na bado kuku wake hawajachanjwa, kwa sababu chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa kaya yake na haiwezi kutunzwa hadi wiki ijayo baada ya kufunguliwa. Anachohitaji ni majirani wenye siku moja ya kuchanja, mtu mmoja wa kuileta chupa kutoka duka la pembejeo, na mchango mdogo wa kila kaya.

Majibu ya swali la tatu la kipimo yakionyesha hali hii, simamisha matangazo yote kuhusu jambo hilo. Andika katika taarifa yako kwamba ujumbe umefika, taja kinachokosekana, idadi ya kaya zinazokihitaji na mahali kinapopatikana, kisha ipeleke kwa anayeweza kukileta. Tangazo litakalofuata litolewe siku ambayo chupa imeshafika kijijini, nalo litaje saa, nyumba ya kukutania, na kiasi cha kuchangia.